"Wafanyakazi hawapendi mabadiliko," na mengine tunayodanganyana makazini

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, Mwanza ilishangilia, na mimi nikiwemo. Kilomita 3 juu ya ziwa, na ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikimla saa mtu wa Sengerema au Geita ikawa hadithi ya kuwasimulia watoto. Sasa mfikirie mama aliyekuwa akipita na sinia la samaki wa kukaanga katikati ya mabasi yaliyosimama pale. Foleni ndiyo ilikuwa duka lake. Hana ugomvi na daraja, na hatakuambia kivuko kilikuwa bora. Amepoteza wateja, basi.

Nimefanya kazi ya rasilimali watu kwa miaka kadhaa, sehemu kubwa kwenye viwanda vya samaki hapa mjini. Siku hizi bosi akiniita kwa sababu "watu wangu wanagoma kubadilika", namkumbuka huyo mama kabla hata sijamaliza chai niliyokaribishwa.

Dhana: Wafanyakazi hawapendi mabadiliko

Hii ndiyo nitakaa nayo zaidi, maana nyingine nyingi zimezaliwa humu.

Yule karani wa stoo mnayesema anakataa mfumo mpya wa kompyuta ana laini mbili za simu. Ananunua umeme kwa simu, anakopa kwa simu, michango ya harusi anatuma kwa simu. Wavuvi wa dagaa walitoka kwenye karabai za mafuta ya taa wakaingia kwenye taa za sola na betri mara walipoona jirani anarudi ufukweni bila deni la mafuta. Watu hubadilika kila siku. Swali ni kipi wanapewa na kipi wananyang'anywa.

Mwaka 1954 Paul Lawrence, mwalimu wa Harvard, aliandika kwamba kinachopingwa kazini mara nyingi si mashine wala utaratibu mpya wenyewe. Kinachopingwa ni namna unavyovuruga mahusiano ya watu kazini: nani anamwamini nani, nani anamtegemea nani. Mimi nililisoma hilo chuoni nikajibu mtihani, nikafaulu, nikalisahau. Nilikuja kulielewa kwenye mizani.

Kiwanda sikitaji. Wachuna minofu walikuwa wakilipwa kwa kilo. Utaratibu wa zamani ulikuwa hivi: mchunaji anapeleka trei kwenye mizani, karani anasoma uzito kwa sauti mpaka meza ya mwisho inasikia, kisha anaandika daftarini. Mle ndani huruhusiwi kuingia na karatasi wala kalamu yako, kwa ajili ya usafi. Kwa hiyo mama mmoja wa makamo, fundi wa kisu kweli kweli, alikuwa akifunga fundo moja kwenye kamba ya aproni yake kwa kila trei inayopimwa. Shifti ikiisha anahesabu mafundo, anakwenda kwa karani, wanalinganisha. Zikitofautiana wanabishana kidogo, wanacheka, wanasahihisha.

Ikaja mizani ya kisasa. Unagusisha kadi, uzito unaruka moja kwa moja hadi kompyuta ya ofisini. Hakuna kusoma kwa sauti, hakuna daftari. Kwenye makaratasi ni mfumo mzuri sana. Wiki ya kwanza kasi ya uchunaji ikashuka, foleni ikajaa kwenye mizani, wengine wakawa "wanasahau" kadi nyumbani. Uongozi ukasema huo ni ubishi, na ukaagiza barua za onyo. Mbili kati ya hizo niliziandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Wakati wa chai nikamkuta yule mama amekaa nje kwenye kivuli, mabuti meupe kayavua. Nikamwuliza mizani ina tatizo gani.

"Mwanangu, mizani yenu haina tatizo. Zamani nikitoka hapa najua nimepata shilingi ngapi, napita dukani nachukua unga kwa mkopo, mwenye duka ananiamini kwa sababu mimi mwenyewe najiamini. Sasa nasubiri mpaka siku ya malipo niambiwe na kompyuta. Ikikosea nitabishana na nani?"

Alichonyang'anywa ni ushahidi. Tukafunga kioo kidogo juu ya mizani kikielekea foleni, kinachoonyesha kilo za trei hiyo na jumla ya siku ya mwenye kadi. Kazi ya fundi ilikuwa ya siku moja. Baada ya wiki mbili kasi ilirudi ilipokuwa, na kadi zikaacha kusahaulika. Zile barua za onyo zilibaki kwenye mafaili, na mpaka leo zinanitia aibu.

Dhana: Asilimia 70 ya mabadiliko hushindwa

Hii utaikuta kwenye mafunzo yoyote ya uongozi, kwa kawaida kwenye slaidi ya pili, na mshauri mwelekezi akiisoma sauti inashuka kama yuko msibani. Ina kazi yake: ukishatishika, unamlipa.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1993 Michael Hammer na James Champy waliandika kuhusu kampuni zinazofumua upya taratibu zao za kazi, wakakadiria kwamba kati ya asilimia 50 na 70 hazifiki zilikokusudia. Wenyewe walisema hayo ni makadirio yasiyo ya kisayansi. Angalizo hilo likadondoka njiani, namba ikaendelea na safari. Mwaka 2011 Mark Hughes, mtafiti wa Uingereza, alizifuatilia kauli maarufu zinazotaja asilimia 70 na hakukuta ushahidi wa maana nyuma yake. Na hata ukitaka kupima, utapima nini? Kiwanda kilichofunga mizani mpya, kikapoteza wachunaji watatu hodari na kuokoa saa mbili kwa siku, utasema kimefaulu au kimeshindwa?

Dhana: Kuwashirikisha wafanyakazi ni kupoteza muda

Jambo hili limewahi kupimwa, tena kwa watu wanaofanana sana na wachuna minofu wetu. Lester Coch na John French walichapisha utafiti wao mwaka 1948, walioufanya kwenye kiwanda cha Harwood kilichoshona nguo za kulalia katika mji wa Marion, Virginia, Marekani. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, walilipwa kwa idadi ya vipande. Kila kazi ilipobadilishwa kidogo, uzalishaji ulianguka na watu waliacha kazi.

Safari hii kundi moja liliambiwa tu kwamba kazi imebadilika, likaelezwa sababu, basi. Kundi la pili lilichagua wawakilishi wa kusaidia kupanga utaratibu mpya. Makundi mengine yalishiriki yote, kila mtu. Katika lile lililoambiwa tu, uzalishaji uliporomoka ukabaki chini, manung'uniko yakawa mengi, na asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo. Yale yaliyoshiriki wote yalirudia kasi yao upesi, yakaipita kwa takriban asilimia 14, na hakuna aliyeacha kazi. Kundi la wawakilishi nalo lilifanya vizuri, ingawa lilichelewa kidogo.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni namna kikao kilivyoanza. Uongozi ulileta nguo mbili zinazofanana, moja iliyouzwa kwa bei mara mbili ya nyenzake, ukawauliza washonaji ipi ni ya bei rahisi. Hakuna aliyeweza kusema. Hoja ya gharama ikawa imeshaeleweka bila hotuba.

Ni utafiti wa kiwanda kimoja, wa zamani, na wengine waliojaribu kuurudia kwingine hawakupata tofauti kubwa kiasi hicho. Lakini linganisha kikao cha namna hiyo na tulichozoea. Kikao kinaitwa "cha maoni", wakati mashine ziko kwenye kontena zinashuka bandarini Dar. Watu si watoto. Wakishajua uamuzi umepita wanakaa kimya, na ule ukimya mwenyekiti anauandika kwenye muhtasari kama makubaliano.

Dhana: Tangazo limebandikwa, taarifa imefika

Tiki mbili za bluu kwenye group zinaonyesha mtu amefungua ujumbe, hazionyeshi ameelewa. Penye pengo la maelezo tetesi zinaingia, na kwa mama ntilie wa getini zinasafiri haraka kuliko barua yoyote yenye nembo ya kampuni. Msimamizi wa shifti akiulizwa akajibu "na mimi nimeona kwenye group kama nyinyi", tangazo lenu limekufa hapo hapo.

Dhana: Wazee wa kazi ndio kikwazo

Vijana wa kompyuta walipoweka mfumo wa mapokezi ya samaki, waliupanga ufunge saa kumi na mbili jioni. Mzee wa mapokezi akaukataa mbele ya kila mtu, akaandikwa kuwa mpinzani. Alichokuwa anajaribu kusema ni kwamba boti la kukusanya samaki likitoka Ukara siku ya upepo linafika saa mbili usiku, na samaki wasiopokelewa usiku huo, kesho si samaki wa Ulaya tena. Tani nzima inaweza kwenda na saa mbili. Lilimtoka kwa ukali, nakubali, na ule ukali ndio uliosikika.

Dhana: Ukisikia "mabadiliko", jua watu wanapunguzwa

Hii ni ya upande wa wafanyakazi, na siwalaumu. Pacha wake ni ya mabosi: "Kampuni yangu, napunguza nitakavyo." Zote mbili zinajibiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe notisi ya nia ya kupunguza wafanyakazi mara tu anapoanza kulifikiria jambo hilo. Atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama. Mashauriano yanahusu sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza makali, vigezo vya nani aondoke, lini, na malipo. Wasipokubaliana, shauri linakwenda kwenye usuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Kiinua mgongo kisheria hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, hadi miaka 10. Na hata bila kupunguza mtu, masharti yaliyoandikwa kwenye ajira yakibadilika, kifungu cha 15 kinataka mwajiri ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi.

Nimeona mwajiri akilipa fedha nyingi CMA wakati sababu yake ya kupunguza watu ilikuwa halali kabisa. Alichokosa ni mihutasari ya vikao ambavyo hakuvifanya.

Dhana: Yeyusha, badilisha, gandisha, umemaliza

Wakufunzi wakija Mwanza hupenda mfano huu, maana barafu tunaijua. Unayeyusha mazoea ya zamani, unabadilisha, unagandisha mapya. Jina linalotajwa ni Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyefariki Februari 1947. Hatua hizo kweli zimo kwenye maandishi yake ya mwaka huo, ila ni kipande kifupi ambacho wengine walikuja kukifanya somo zima. Kisichotajwa sana ni onyo lililo hapo hapo: kundi likipandishwa kwa msukumo wa ghafla, hurudi upesi lilikokuwa. Semina ya siku mbili hotelini Capri Point, na posho yake, ni msukumo wa namna hiyo hasa.

Angalia yaliyotokea kwa samaki wetu. Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili mwaka 1998 kwa hofu ya kipindupindu, na tena 1999 kwa tuhuma za uvuvi wa sumu. Viwanda vikajifunza udhibiti mpya wa usafi kwa shida: dimbwi la dawa mlangoni la kukanyaga kwa mabuti, vifuniko vya nywele, kumbukumbu za joto kila saa. Miaka zaidi ya 25 imepita na mambo hayo bado yapo. Mimi naona yamedumu kwa sababu mkaguzi aliendelea kuja, sampuli ziliendelea kupimwa maabara ya Nyegezi, na hata mfagizi alijua kwamba kontena likirudishwa hakuna shifti ya kesho.

Ule mfumo wa mizani wangu haukuwa na mkaguzi. Nilipopita kiwandani pale mwaka mmoja baadaye kwa shughuli nyingine, nilichungulia ukumbi wa uchunaji kupitia dirisha. Kioo kilikuwepo juu ya mizani, kimegeuzwa kinatazama kiti cha msimamizi. Yule mama alikuwa meza ya tatu, ameinama kwenye sangara mkubwa, na kamba ya aproni ikining'inia nyuma ina mafundo sita. Nilimngoja mpaka mapumziko.

"Waligeuza tangu mwezi wa nne, mwanangu. Alikuja supavaiza mpya, akasema foleni inasoma namba badala ya kutembea."