Safari ya Dorothy haikuwa ndoto

Filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939 ilipoonyeshwa katika kibanda kimoja cha video hapa Mwanga, Kigoma, huku mtafsiri akiingiza sauti yake ya Kiswahili, watazamaji wengi walitoka wakiamini kwamba hata kitabuni safari ya Dorothy, msichana wa Kansas, Marekani, anayebebwa na kimbunga hadi nchi ya Oz, ni ndoto tu. Sivyo. Katika kitabu cha L. Frank Baum, kilichotoka mwaka 1900, Oz ni nchi halisi: kimbunga kinaing'oa nyumba kwelikweli, na Dorothy anaporudi Kansas anakuta Henry, mlezi wake, amekwisha kujenga nyingine, naye yuko katika soksi tupu, kwa sababu viatu vya ajabu vilimchomoka miguuni akiwa angani vikapotelea jangwani.

Viatu vyenyewe kitabuni ni vya fedha. Uwekundu wa viatu vya kwenye filamu, uliomfanya binti aliyekaa mbele yangu aache kutafuna karanga, uliwekwa ili rangi za Technicolor, mbinu ya kutengeneza filamu za rangi, zivutie (na zinavutia, nakiri). Kitanda anachoamkia mwishoni ni cha filamu peke yake, na kwa maoni yangu kinamdhulumu mtoto aliyeizunguka nchi nzima kwa miguu yake.