eTA: kibali kinachokupandisha ndege, na mambo ambayo hakikupi

Kibali cha kielektroniki cha kusafiri, ambacho wengi wanakiita eTA, ni ruhusa unayopewa na nchi unayokwenda kabla hujatoka nyumbani. Hakibandikwi kwenye pasipoti kama viza za zamani. Ni kumbukumbu iliyomo kwenye mfumo wa uhamiaji wa nchi hiyo, na imefungwa kwenye namba ya pasipoti moja tu. Abiria anapofika kaunta ya shirika la ndege, mhudumu anahakiki kama pasipoti ile ina kibali. Ikiwa hakipo, begi halipokelewi. Mashirika ya ndege hayafanyi hivyo kwa ukali tu: yakimfikisha mtu asiye na ruhusa, aghalabu yanatozwa faini na yanatakiwa kumrudisha alikotoka kwa gharama yao.

Hapo ndipo ilipo maana yenyewe. eTA ni ruhusa ya kuanza safari. Ruhusa ya kuingia nchini anaitoa afisa wa uhamiaji ukiwa umesimama mbele yake, na ana mamlaka ya kukuuliza unakwenda wapi, kwa nani, kwa muda gani na kwa fedha zipi, hata kama kibali chako kimetoka bila dosari. Anaweza pia kukukatalia.

Utaratibu huu si mpya. Australia iliuanza 1996. Marekani iliufanya wa lazima Januari 2009 kwa jina la ESTA, Kanada ikafuata 2016, Uingereza ikaanza kwa awamu kuanzia Novemba 2023, na Kenya ikauanzisha Januari 2024. Majina yanafanana, lakini masharti yanapishana sana, na wasafiri wengi wanakwama kwa kudhani kwamba aliyeielewa eTA ya nchi moja ameielewa ya nchi zote.

Tofauti yake na viza

Kwa Uingereza, Marekani na Kanada, kibali hiki ni cha watu ambao tayari wamesamehewa viza. Serikali inataka tu kuwajua mapema na kupitisha majina yao kwenye orodha zake za usalama. Ndiyo maana fomu ni fupi na ada ni ndogo: Kanada inatoza dola 7 za Kanada kwa kibali cha miaka 5, Uingereza ilianza na pauni 10, ikapandisha hadi 16 tarehe 9 Aprili 2025, kwa kibali cha miaka 2 au hadi pasipoti iishe muda wake, lolote litakalotangulia.

Anayetakiwa viza ya Uingereza hawezi kuiepa kwa kuomba ETA. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo hana njia ya kupata ETA ya Uingereza. Anaomba viza, anatoa alama za vidole, anapeleka taarifa za benki na barua ya kazi. Hata akipita tu uwanja wa ndege wa London kuunganisha ndege ya kwenda kwingine, Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya kupita, isipokuwa awe na nyaraka fulani zinazomsamehe, kwa mfano viza hai ya Marekani au Kanada. Kwa hiyo wakala anayekuahidi "ETA ya Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania" anakuuzia kitu ambacho hakipo. Ndugu yako mwenye pasipoti ya Oman, hata mkikaa naye nyumba moja Maskati, anaijaza kwenye simu, kwa sababu Oman na nchi nyingine za Ghuba ziliingizwa kwenye mpango huo Februari 2024.

Kinachoamua ni pasipoti iliyo mkononi. Mahali ulipozaliwa, lugha unayozungumza na miaka uliyokaa ugenini havibadilishi kitu.

Kenya ilikwenda njia yake. Ilifuta viza kwa dunia nzima, kisha ikaweka eTA kwa karibu wageni wote. Kwa hiyo pale Kenya kibali hiki kimechukua nafasi ya viza, na kinadai vitu ambavyo ETA ya Uingereza haikuulizi kamwe: mahali pa kulala, tarehe za kuingia na kutoka, na tiketi. Ukiichukulia kama fomu ya dakika tano utaumia.

Nani anaihitaji Kenya, na nani hahitaji

Raia wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, ukiacha Somalia, wanaingia bila eTA na wanaweza kupewa hadi miezi 6. Tangu Julai 2025 msamaha umepanuliwa kwa raia wa nchi nyingine za Afrika, isipokuwa Libya na Somalia, kwa kukaa hadi miezi 2. Wenye vibali vya kazi au ukaazi wa Kenya hawahitaji, wala abiria anayeunganisha ndege bila kutoka eneo la uwanja.

Kusamehewa eTA si kusamehewa hati ya kusafiria. Mtanzania anayevuka Namanga, Holili au Horohoro bado anatakiwa awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na lazima agongewe muhuri pande zote mbili. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda ndio wenye makubaliano ya kutumia vitambulisho vya taifa baina yao, tangu 2014.

Wanaochanganyikiwa zaidi ni watu wetu wa ughaibuni. Mkenya mwenye uraia pacha akisafiri na pasipoti ya Kenya iliyo hai hahitaji kibali chochote. Akiiacha nyumbani akaja na ya Marekani peke yake, mfumo unamwona Mmarekani. Yule aliyechukua uraia wa nje kabla ya Katiba ya 2010 hakurudishiwa uraia wa Kenya moja kwa moja: ni haki yake kuudai, lakini lazima aombe, na hadi aupate anaingia kama mgeni, kwa eTA. Upande wa pili nako kuna mtego unaofanana. Mwenye uraia wa Uingereza hawezi kupewa ETA ya Uingereza, kwa kuwa ni raia. Anatakiwa aoneshe pasipoti ya Uingereza au cheti cha haki ya ukaazi. Akienda uwanjani Nairobi na pasipoti ya Kenya tu, akitegemea kujieleza, kaunta haitamwelewa.

Unachotayarisha kabla ya kufungua fomu

Tovuti rasmi ya Kenya ni etakenya.go.ke. Tazama mwisho wa anwani: .go.ke. Ukiitafuta kwenye intaneti, zinazotangulia kuonekana mara nyingi ni tovuti za mawakala zilizolipia tangazo, zina bendera na picha za twiga, na zinatoza mara mbili au tatu ya ada ya serikali kwa kunakili tu ulichoandika wewe. Ada ya kawaida ya Kenya ilianza kuwa dola 30 kwa mtu, na hairudishwi hata ombi likikataliwa.

Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6 kuanzia siku ya kufika, na ukurasa mtupu. Andaa picha yake iliyo wazi, yaani ukurasa wenye sura yako wote pamoja na ile mistari miwili ya chini, bila mwanga wa taa kuakisi katikati. Andaa picha yako ya uso, uthibitisho wa malazi (au barua ya mwenyeji wako, ikiwa unafikia kwa ndugu), tiketi au ratiba ya kwenda na kurudi, barua pepe unayoifungua kila siku, na kadi ya benki inayokubali malipo ya nje. Kila mtu anaombewa chake, mtoto mchanga naye. Familia ya watu watano ni maombi matano.

Majibu ya kawaida huchukua siku 3 za kazi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi, kwa hiyo ombi la Ijumaa jioni usilidai Jumatatu asubuhi. Wiki mbili kabla ya safari ni muda wa busara.

Mistari miwili ya chini

Makosa mengi yanayomkwamisha msafiri ni ya herufi moja. Fungua pasipoti ukurasa wa picha, utazame chini kabisa. Kuna mistari miwili, kila mmoja una alama 44. Mstari wa kwanza unaanza na P, kisha herufi tatu za nchi: TZA kwa Tanzania, KEN kwa Kenya, GBR kwa Uingereza, OMN kwa Oman. Halafu linakuja jina la ukoo, alama mbili za << na majina mengine. Mstari wa pili unaanza na namba ya pasipoti. Hiyo ndiyo mistari inayosomwa na mashine uwanjani, na hiyo ndiyo unayopaswa kuifuata unapojaza fomu, hata kama cheti chako cha kuzaliwa kinasema vingine.

Majina yetu yana shida zake hapa. Mtu mwenye majina matatu, lake, la baba na la babu, mara nyingi haoni lipi la ukoo. Jibu liko kwenye mstari huo: lililotangulia alama << ndilo la ukoo kwa mujibu wa pasipoti. Mwenye "bin" au "binti" alitazame kama limeandikwa pale, asiliongeze wala kulipunguza.

Kwenye namba, adui mkubwa ni sifuri na herufi O. Pasipoti za Ujerumani, kwa mfano, hazitumii herufi O kabisa. Duara lolote pale ni sifuri. Mzaliwa wa Mombasa mwenye pasipoti ya Ujerumani akiandika O, anapewa kibali cha pasipoti ambayo haipo duniani. Atakachokiona kwenye barua pepe ni neno "imekubaliwa", na kosa litajulikana kaunta, saa mbili kabla ya ndege kuondoka. Kwa hiyo kibali kikifika, linganisha namba yake na ya pasipoti tarakimu kwa tarakimu. Ukikuta kosa, omba upya mapema.

Ukibadilisha pasipoti baada ya kupata kibali, kile cha zamani hakihamii kwenye mpya. Hata kama kilibaki na miaka, omba kingine.

Kibali kimoja hakifungui milango yote

Chukua safari hii ya kawaida: mwenye pasipoti ya Uingereza, asili yake Tanga, anaruka London hadi Nairobi, anashuka Mombasa kwa wiki moja, anavuka Lunga Lunga kwenda Tanga kwa wazazi, kisha anamalizia Zanzibar. Anahitaji eTA ya Kenya. Mpakani anahitaji viza ya Tanzania, kwa kuwa sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kubaki na uraia pacha. Ni dola 50 kwa Mwingereza, na inaombwa mapema kwenye visa.immigration.go.tz (Mmarekani hulipa dola 100). Ile viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, ya dola 100 na siku 90, haitamsaidia hapa: inahusu Kenya, Uganda na Rwanda tu.

Kisha kuna kadi ya njano. Alipotoka London kuingia Kenya hakuhitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Uingereza haina ugonjwa huo. Lakini Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari, kwa hiyo anapovuka kuingia Tanzania anakitakiwa, yeye na mtoto wake aliyetimiza mwaka mmoja. Cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Kuchanjwa siku mbili kabla ya kuvuka hakusaidii. Zanzibar nako, tangu 1 Oktoba 2024, mgeni ananunua bima ya safari ya huko huko: dola 44 mtu mzima. Bima aliyokuja nayo kutoka Ulaya haihesabiki.

Na mifuko ya plastiki isibebwe. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na ule wa dukani uwanja wa ndege umo pia.

Dirishani

Chapisha kibali au kihifadhi kwenye simu mahali kinapofunguka bila intaneti. Weka na barua ya mwenyeji pamoja na namba yake ya simu; afisa anaweza kumpigia. Jibu linalotakiwa ni lile lile uliloandika kwenye fomu: aliyeandika utalii kisha akasema amekuja kufanya kazi ya mwezi mmoja amejifungia mlango mwenyewe, kwani eTA hairuhusu ajira.

Pasipoti ikirudishwa, usiondoke dirishani kabla ya kusoma muhuri. Siku ulizopewa ni zile alizoandika afisa pale, na zinaweza kuwa pungufu ya ulizoomba. Ukihitaji zaidi, maombi ya kuongeza muda yanapelekwa Idara ya Uhamiaji kabla zile za kwanza hazijaisha. Siku moja ya kuzidisha inatosha kukuletea faini uwanjani wakati wa kuondoka, na rekodi yake inabaki kwenye mfumo ule ule utakaosoma ombi lako lijalo.