Je, utaifa wa Ukraine ulibuniwa na wageni?

Julai 2021 Vladimir Putin alichapisha makala ndefu akidai kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja, na kwamba wazo la Ukraine iliyojitenga lilipaliliwa na Wapoland na watawala wa Austria. Februari 21, 2022, siku tatu kabla majeshi yake hayajavuka mpaka, akaelekeza kidole kwingine: Ukraine ya leo, alisema, iliumbwa na Urusi ya Lenin na wakomunisti wake, Wabolsheviki. Wapo pia wanaoamini kwamba Wamarekani ndio waliopika yote, kuanzia maandamano ya 2004 hadi yale ya 2014. Wakunga ni wengi mno kwa mtoto mmoja.

Kwamba wageni waliingiza mkono Ukraine, tena mara nyingi, halina ubishi. La kuuliza ni waliingiza mkono ili iweje, na kama walipata walichokifuata.

Tuhuma yenyewe ina umri wa zaidi ya miaka 150. Mwaka 1863 Wapoland walikuwa wameasi dhidi ya Tsar, mfalme wa Urusi. Katikati ya vurugu hizo Pyotr Valuev, waziri wa mambo ya ndani wa Urusi, alitoa waraka wa siri uliozuia vitabu vya dini na vya shule kuchapishwa kwa Kiukraine. Waraka ulisema lugha hiyo haijapata kuwepo, haipo na haiwezi kuwepo, na ukahusisha harakati zake na njama za Wapoland. Miaka 13 baadaye Tsar Alexander II, akiwa mapumzikoni Bad Ems, Ujerumani, alitia saini amri kali zaidi: karibu vitabu vyote vya Kiukraine marufuku, kuviingiza kutoka nje marufuku, michezo ya jukwaani marufuku, hata maneno ya nyimbo yaliyochapwa pamoja na nota. Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua hoja hii upesi, maana wakoloni walituimbia wimbo huohuo: wenyeji ni watulivu, shida ni wachochezi.

Asichoweza Valuev kukieleza ni Taras Shevchenko. Huyu alizaliwa mwaka 1814, mtwana wa kabaila katika kijiji kilicho kusini mwa Kyiv. Alikombolewa kwa fedha, akasomea uchoraji, akaandika mashairi kwa lugha ya wakulima wenzake. Mwaka 1847 alikamatwa na kupelekwa uhamishoni kama askari wa kawaida, na Tsar Nicholas I akaagiza asiruhusiwe kuandika wala kuchora. Hakuna aliyemtuma kutoka Warsaw wala Vienna.

Hata hivyo, habari ya Austria ina ukweli ndani yake, na ndiyo sehemu tamu zaidi. Poland ilipoanza kugawanywa na majirani mwaka 1772, Austria ilijichukulia Galicia, jimbo lenye mji wa Lviv. Kule wenye ardhi walikuwa Wapoland, nao ndio waliokuwa wakiota kuirudisha dola yao. Wakulima, hasa mashariki mwa jimbo, walikuwa Waukraine. Mapinduzi yalipoikumba Ulaya mwaka 1848, gavana Franz Stadion aliwaunga mkono viongozi wa Waukraine, wengi wao makasisi, walipounda baraza lao Lviv. Wapoland walikasirika wakasema Stadion amewabuni watu hao. Gawa uwatawale, basi, na Vienna haikuona aibu.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1873 ilianzishwa Lviv jumuiya ya wasomi iliyobeba jina la Shevchenko, na sehemu kubwa ya fedha zake za mwanzo ilitoka kwa matajiri Waukraine waliokuwa chini ya Urusi, ambako uchapaji wa Kiukraine ulikuwa umebanwa. Mwaka 1894 mwanahistoria Mykhailo Hrushevsky alihama Kyiv kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Lviv. Austria ilitoa mitambo ya kuchapia, madarasa na bunge ambamo mtu aliweza kusema. Wazo lenyewe lilivuka mpaka likitokea Urusi, kwa kuwa Urusi ililifukuza. Na St. Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati huo, haikukaa kimya: ilikuwa ikiwalipa wanasiasa na magazeti ya Galicia waliohubiri kwamba Waukraine ni Warusi. Kama fedha za nje ndizo zinazozaa taifa, wale wangeshinda.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyowafanya wageni waache kificho. Mwaka 1914 wakimbizi wa kisiasa kutoka Ukraine ya Urusi waliunda Umoja wa Ukombozi wa Ukraine, wakafadhiliwa na Austria kisha Ujerumani, na wakaingia kwenye kambi za mateka wa vita kuwafundisha wanajeshi wa Tsar wenye asili ya Ukraine kusoma na kuandika, na kujiona Waukraine. Februari 9, 1918, Ujerumani na Austria zilisaini mkataba wa Brest-Litovsk na serikali changa ya Kyiv. Mjini Vienna watu waliuita amani ya mkate, maana walikuwa na njaa na Ukraine iliahidi tani milioni moja za nafaka. Nafaka ilipochelewa, Wajerumani waliivunja serikali hiyo mwishoni mwa Aprili na kumsimika Pavlo Skoropadsky, jenerali wa zamani wa Tsar. Wakulima waliokuwa wakinyang'anywa mavuno waliasi. Ujerumani iliposhindwa vita, Novemba, Skoropadsky alitangaza kuungana na Urusi isiyo ya Kibolsheviki. Mwezi uliofuata Waukraine wenyewe wakamng'oa. Kama kuna mfano wa kibaraka katika historia hii ni yeye, na aliondolewa na wazalendo waliodaiwa kuwa zao la Wajerumani.

Lenin naye alijifunza kutokana na hayo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe aliona Ukraine haitawaliki bila kupewa walau sura ya jamhuri, na kuanzia 1923 chama kilihimiza shule, magazeti na ofisi za Kiukraine. Kusema aliibuni Ukraine ni kugeuza sababu kuwa matokeo. Stalin aliukomesha ulegevu huo kwa mkono wa chuma: njaa ya 1932 na 1933 iliua mamilioni, na wasomi waliolelewa na sera ya miaka ya 1920 wakapigwa risasi au kupelekwa kambini.

Ukurasa mchafu zaidi unafuata, na Waukraine wenyewe bado wanaugombania. Jumuiya ya wazalendo iliyoundwa Vienna mwaka 1929, iliyojulikana kwa kifupi OUN, ilitumia mauaji kama silaha, ikaiga mengi ya kifashisti na kushirikiana na idara ya ujasusi wa kijeshi ya Ujerumani. Juni 30, 1941, Wajerumani walipoingia Lviv, tawi la Stepan Bandera lilitangaza dola huru ya Ukraine bila idhini ya Hitler. Siku hizohizo Wayahudi wa mji waliuawa mitaani, na wanamgambo wa OUN walikuwemo. Ndani ya wiki chache Bandera alikuwa kizuizini, kisha akapelekwa Sachsenhausen alikokaa hadi 1944. Hilo halikuwasafisha watu wake: mwaka 1943 jeshi la msituni la harakati hiyo liliua makumi ya maelfu ya Wapoland wa Volhynia, jimbo la magharibi mwa Ukraine ya leo. Mjerumani alitoa bunduki na mafunzo. Chuki haikuagizwa kutoka nje. Anayetaka kuwatetea wazalendo hao kwa kusema walitumiwa tu hana pa kusimama hapa.

Baada ya 1945 CIA iliwarithi baadhi ya wakimbizi hao. Majasusi walidondoshwa Ukraine kwa miavuli na wengi wakanaswa. Bandera mwenyewe aliuawa Munich Oktoba 1959 na mtu wa KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti, aliyetumia bastola ya kurusha sumu ya sayanidi.

Ungetegemea basi kwamba Dola ya Kisovieti ilipoanza kupasuka, Marekani ingeisukuma Ukraine itoke. Ilifanya kinyume. Agosti 1, 1991, Rais George H. W. Bush alisimama mbele ya bunge la Kyiv na kuwaonya wasikilizaji wake dhidi ya utaifa wa kujiangamiza. Alihofia silaha za nyuklia na kumpoteza Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti. Wabunge walimsikiliza, na Agosti 24 wakatangaza uhuru. Katika kura ya maoni ya Desemba 1 zaidi ya asilimia 90 walisema ndiyo, na kila jimbo likatoa wingi wa kura, Crimea ikiwemo kwa asilimia 54.

Maandamano ya 2004 yalipata fedha za Magharibi kwa ajili ya asasi za kiraia na uangalizi wa uchaguzi, ilhali Putin alikwenda Kyiv kumpigia debe Viktor Yanukovych, mgombea urais aliyempendelea, na kumpongeza kabla matokeo hayajawa rasmi. Mahakama ya Juu ya Ukraine ndiyo iliyoamuru kura irudiwe, na mpinzani wake, Viktor Yushchenko, akashinda.

Mwaka 2013 mikono ya wageni ilionekana mchana kweupe. Agosti, forodha ya Urusi ilizuia bidhaa za Ukraine kama onyo. Novemba 21 serikali ya Yanukovych, ambaye sasa alikuwa rais, iliusimamisha mkataba na Umoja wa Ulaya, na Desemba Moscow ikaahidi dola bilioni 15 na gesi ya bei nafuu. Watu waliandamana Kyiv, na Victoria Nuland, afisa wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, aliwagawia vitafunwa uwanjani, akataja dola zaidi ya bilioni 5 ambazo nchi yake ilikuwa imetumia Ukraine tangu 1991, na Februari simu yake ikavuja akijadili na balozi wa Marekani nchini humo nani afaaye kuingia serikalini. Mtu aliyempendelea, Arseniy Yatsenyuk, kweli alikuwa waziri mkuu. Ni aibu ya kidiplomasia, sikatai.

Ila umati mkubwa haukutoka kwa sababu ya Nuland. Ulitoka baada ya polisi kuwapiga vijana usiku wa Novemba 30. Ukaongezeka baada ya sheria za Januari 16 zilizobana maandamano. Haukurudi nyumbani baada ya watu zaidi ya 100 kufa. Yanukovych alipokimbia, wabunge 328 kati ya 450 walipiga kura ya kumwondoa. Kuhusu wafuasi wa Bandera wanaodaiwa kuitwaa nchi: katika uchaguzi wa rais wa Mei 2014, mgombea wa chama cha Svoboda na yule wa Right Sector hawakufikisha pamoja hata asilimia 2 ya kura. Mwaka 2019 wapiga kura walimpa asilimia 73 Volodymyr Zelensky, mchekeshaji Myahudi kutoka Kryvyi Rih ambaye lugha yake ya kwanza ni Kirusi.