Rocket haikuwa treni ya kwanza ya mvuke

Jamani, hili la kwamba Rocket ya Stephenson, mhandisi wa Uingereza, ndo kichwa cha treni cha kwanza duniani limezoeleka mno, wengi tulikariri hivyo tangu darasani, ila Rocket ilitengenezwa 1829 na kufikia hapo injini za mvuke zilikuwa zishatembea kwenye reli miaka 25.

Wa kwanza anayejulikana kuvuta mzigo relini kwa mvuke ni mhandisi Richard Trevithick. Tarehe 21 Februari 1804, kule Wales, mashine yake ilitoka kiwanda cha chuma cha Penydarren hadi Abercynon, kama kilomita 15 hivi, ikiwa na tani 10 za chuma na watu kama 70 wamedandia mabehewani, ikatumia saa nne na ushee. Shida ilikuwa reli zenyewe, chuma cha kusubu kinachovunjika kirahisi, uzito wa mashine ukawa unazipasua, basi wakarudi kwa farasi. Inaniuma sana kwamba jamaa huyu watu hawamtaji.

Sasa Rocket sifa yake ni nini? Ukiangalia ndani ya boila yake utakuta mabomba 25 membamba ya shaba, moto unapita humo huku maji yameyazunguka, kwa hiyo mvuke unapatikana haraka na mwingi. Ndo maana ikashinda mashindano ya vichwa vya treni kule Rainhill, Uingereza, Oktoba 1829, na zawadi ya pauni 500, na vichwa vya mvuke vilivyofuata vikaiga mtindo huo kwa zaidi ya miaka 100.