Jeraha la baridi: kilichokufa na kilicholala

Asubuhi inayofuata usiku wa baridi kali, bustani huonekana kama imepitiwa na moto. Majani yaliyokuwa mabichi jana yamegeuka meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa ikasahauliwa jikoni. Ndiyo maana watu husema mmea "umeungua na baridi". Usemi huo unaeleweka, ila unapotosha kidogo. Moto ukipita, kilichoungua unakiona siku hiyohiyo. Baridi huua sehemu moja ikaacha nyingine, huficha madhara mengine chini ya gome, na hesabu kamili inaweza kuja miezi mitatu baadaye.

Jeraha la baridi ni madhara yanayoupata mmea pale joto linaposhuka kupita kiwango ambacho tishu zake zimejiandaa kukihimili. Neno zito hapo ni "zimejiandaa". Kichaka kinachovumilia nyuzi 20 chini ya sifuri katikati ya kipupwe kinaweza kuumizwa na nyuzi 5 tu chini ya sifuri ikiwa zimekuja mapema mno, au zimekuja baada ya wiki mbili za jua zilizokidanganya kwamba baridi imekwisha. Kwa hiyo swali la "mmea huu unahimili nyuzi ngapi?" halina jibu moja. Inategemea ni lini.

Ndani ya mmea kunatokea nini? Wengi tulisikia shuleni kwamba maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, tukahitimisha kwamba seli hupasuka kama chupa iliyosahaulika ndani ya friza. Mara nyingi haiwi hivyo. Barafu huanza kwenye nafasi zilizo kati ya seli na seli, kwa sababu maji ya hapo yana sukari na chumvi kidogo kuliko yale ya ndani. Ikishaanza, huvuta maji kutoka ndani ya seli, nazo seli hunywea. Ajabu yake ni kwamba mmea unaoganda unakauka, na kinachouumiza ni ukame wa ndani kwa ndani. Seli ikipoteza maji kupita kiasi, utando wake huharibika. Jua likitoka na barafu kuyeyuka, utando huo hauzuii tena kitu, yaliyomo yanavuja, na jani linageuka jeusi. Barafu ikifika ndani ya seli yenyewe, seli hiyo imekufa.

Matayarisho ya mmea hulenga kuzuia hayo. Siku zinapofupika na usiku kuanza kuwa wa ubaridi, mmea hupunguza kukua, hujaza sukari kwenye seli, hubadilisha mafuta ya utando ili usikakamae, na hupunguza maji yaliyo huru. Kazi hii huchukua wiki nyingi. Kuivua kinga hiyo huchukua siku chache tu za joto, na hapo ndipo baridi ya ghafla ya mwisho wa msimu hufanya uharibifu ambao baridi kubwa zaidi ya katikati ya msimu haikuufanya.

Viungo vya mmea navyo havilingani. Mizizi ndiyo dhaifu kuliko shina, jambo linalowashangaza wengi. Inaokolewa na udongo unaoifunika. Ndiyo sababu mmea wa kwenye chungu hufa wakati ndugu yake aliyepandwa ardhini hatua mbili pembeni yuko salama: chungu hupigwa na baridi pande zote. Matumba ya maua ni dhaifu kuliko macho ya majani, yaani vile vifundo vya tawi ambamo majani huchipuka. Mfano mzuri ni fosithia, kichaka cha maua ya njano kinachochanua mapema. Baada ya kipupwe kikali unaweza kukikuta kimechanua chini tu, na juu ni vijiti vitupu, kana kwamba mtu amepiga mstari katikati. Mstari huo ni kimo cha theluji. Theluji imejaa hewa ndani yake, na hewa ni blanketi. Matumba yaliyofunikwa yalipona, yaliyobaki nje yakafa. Majani yatakuja sehemu zote mbili, kwa kuwa macho yake ni magumu zaidi.

Si kila kinachoonekana kama kuganda ni kuganda. Mimea isiyopukutisha majani, kama rododendroni na misonobari ya bustanini, huendelea kupoteza maji kupitia majani hata kipupwe kikiwa kikali. Ardhi ikiwa imeganda, mizizi haiwezi kurudisha kinachopotea, na upepo mkavu humaliza kazi. Majani hubadilika kuwa kahawia kuanzia kingoni, hasa upande unaopigwa na upepo na jua. Shina la mti mchanga nalo linaweza kupasuka kwa wima pale jua la mchana linapolipasha moto na usiku ukaligandisha ghafla. Na udongo ukiganda na kuyeyuka mara kwa mara husukuma mimea midogo juu, mpaka mizizi ikabaki inaning'inia hewani. Hii ya mwisho ndiyo pekee inayodai haraka: ardhi ikilainika, urudishe mmea chini kwa kiganja, ushindilie udongo polepole, umwagilie. Ukiuacha, mizizi hukauka ndani ya siku chache.

Kwa mengine yote, tiba ya kwanza ni kusubiri, na hapa ndipo wakulima wa bustani hushindwa. Mkono unawasha. Kichaka kimekuwa kibaya mbele ya nyumba, mkasi upo, na siku moja ya jua imetokea. Lakini ukipogoa mapema unakata usichokijua, kwa sababu mpaka kati ya tawi hai na tawi lililokufa haujaonekana bado. Pia matawi yaliyokufa hukinga yaliyo chini yake dhidi ya baridi nyingine inayoweza kuja. Tena kukata huuamsha mmea, ukatoa machipukizi laini wakati ambao usiku mmoja wa jalidi, yaani baridi ya kugandisha, unatosha kuyaua yote, na mmea ukawa umetumia akiba yake bure. Subiri hadi hatari ya jalidi ipite na macho yaanze kufumbuka.

Vighairi vipo. Tawi lililovunjwa na uzito wa theluji na linaloning'inia likatwe mara moja, kabla halijachana gome la shina. Mimea ya majimaji, ile yenye mashina manene yasiyo na mbao ndani, ikishakuwa uji iondolewe, maana huo uozo hushuka. Na kama theluji bado imekalia matawi, ipanguse kwa kuinua ufagio kutoka chini kwenda juu. Barafu iliyoshikamana na tawi usiigonge. Iache iyeyuke yenyewe, kwani tawi lililoganda huvunjika kama biskuti.

Wakati unasubiri, unaweza kuuliza mmea hali yake kwa ukucha. Kwangua kidogo gome la tawi. Chini yake kuna tabaka jembamba liitwalo kambiamu, ambalo ndilo linalotengeneza mbao na gome jipya. Likiwa la kijani na lenye unyevu, tawi liko hai. Likiwa la kahawia na kavu, hapo pamekufa, lakini hapo tu. Shuka chini kidogo ukwangue tena, mpaka ukutane na kijani. Wengi hukwangua ncha, wakaona kahawia, wakang'oa kichaka kizima kilichokuwa hai kuanzia gotini. Chukua muda. Matawi ya kichaka kimoja hayafanani, na upande mmoja unaweza kuwa umekufa wote huku wa pili ukiwa mzima.

Wakati wa kukata ukifika, kata mpaka kwenye sehemu hai, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Tawi lililo hai huonyesha moyo mweupe au wa kijani hafifu. La kahawia linakuambia ushuke zaidi. Kidonda usikipake rangi wala lami. Alex Shigo, mtaalamu wa miti katika Idara ya Misitu ya Marekani, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi ya mtu inavyopona. Unakizungushia kuta za ndani na kukitenga, halafu unakua kukizunguka. Rangi haiongezi kitu kwenye kazi hiyo, na inaweza kufungia unyevu mahali pabaya.

Kiasi cha kukata kinategemea mmea, na hapa kanuni moja haitoshi. Budleja na fuksia ngumu, ambazo ni vichaka vya maua, zinaweza kufa mpaka usawa wa ardhi, zikachipua upya kutoka chini na kuchanua mwaka huohuo. Haidrenjia zina mtego. Ile ya majani mapana yenye maua makubwa ya bluu au waridi huandaa matumba yake mwaka uliotangulia, kwenye matawi ya zamani, kwa hiyo baridi ikiua ncha, au wewe ukizikata kwa pupa, kichaka kitatoa majani mazuri bila ua. Ile inayotoa mashada marefu meupe yenye umbo la koni huchanua kwenye matawi ya mwaka huu na haina shida hiyo. Lavenda haipendi kukatwa hadi kwenye tawi gumu lisilo na jani. Mara nyingi haichipui tena hapo. Misonobari mingi ni hivyohivyo. Waridi likiwa la kubebesha, yaani lililounganishwa kwenye shina na mizizi ya waridi jingine, angalia machipukizi yanatoka wapi: yakitoka chini ya kifundo cha kubebesha, hilo si waridi ulilonunua, ni lile shina la chini lililobaki peke yake, na maua yake yatakuwa mengine.

Miti ya jamii ya mitende iko peke yake. Kila shina lina kitovu kimoja tu cha kukulia, kileleni, na majani yote ya nje yanaweza kuwa ya kahawia huku kitovu kikiwa kizima. Vuta kwa upole jani changa la katikati ambalo halijafunguka. Likikataa, tumaini lipo. Likitoka mkononi likiwa na harufu ya uozo, hali ni mbaya, ingawa hata hapo baadhi hurudi. Majani yenye kijani chochote yaachwe, yanaulisha mti.

Mbolea ndiyo huruma inayoua. Mtu anauona mgonjwa, anataka kumlisha. Naitrojeni nyingi mwanzoni hulazimisha majani laini kwenye mmea ambao mizizi yake imejeruhiwa na haiwezi kuyalisha. Mpe maji kwanza. Ardhi ikishayeyuka, na hasa kwa mimea isiyopukutisha, umwagiliaji wa kina mara moja kwa kipindi kavu una faida kuliko gunia la mbolea. Mboji kidogo inaweza kufuata baada ya machipukizi kuonekana na kushika. Tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 10 juu ya mizizi, ukiacha nafasi kuzunguka shina. Matandazo yaliyoegemezwa kwenye gome huliozesha.

Watu huuliza pia kwa nini mmea uliouzwa kama wa kanda yao umekufa. Ramani ya kanda za uvumilivu wa baridi inayotumika Marekani, ambayo toleo lake la karibuni ni la 2023, ina kanda 13, na kila moja imepangwa kwa wastani wa usiku wa baridi kuliko wote katika kila mwaka. Wastani, siyo kiwango cha chini kabisa kilichowahi kutokea. Februari 2021 huko Texas, eneo la Dallas, ambalo ni la kanda ya 8 yenye wastani wa nyuzi 7 hadi 12 chini ya sifuri, lilishuka hadi karibu nyuzi 19 chini ya sifuri. Ramani haikukosea. Ilikuwa inazungumzia mwaka wa kawaida, na ule haukuwa wa kawaida.

Kuna udanganyifu mmoja wa mwisho. Kichaka kinachanua majani mapema, kila mtu anafurahi, kisha joto la kwanza kali likifika kinanyauka ghafla na kufa. Majani yale yalikuwa yanakula akiba iliyokuwa ndani ya matawi. Njia za maji chini ya gome zilikuwa zimeharibika tangu kipupwe, na mahitaji yalipopanda hazikumudu. Tawi la namna hiyo likwangue, likate mpaka pazima, uendelee kumwagilia, kwa sababu sehemu ya chini inaweza kuwa na uhai bado.

Mtini mara nyingi hubaki hai chini tu. Juu hufa wote, majira ya machipuko yanapita kimya, na mwenyewe anaanza kupanga atapanda nini mahali pake. Mwanzoni mwa kiangazi machipukizi hutoka ardhini, pengine kumi kwa mpigo. Chagua matatu au manne yenye nguvu yaliyoachana, ondoa mengine. Kama hadi kiangazi kimefika katikati hakuna kilichotoka, fukua kidogo pembeni ya shina. Mizizi yenye ndani nyeupe na ngumu inastahili kuachwa mwaka mwingine. Ya kahawia inayobonyea ikishikwa, leta jembe.