Je, wajua kwa nini kanisa la Rievaulx halina paa?

Ukifika Rievaulx, kaskazini mwa Yorkshire nchini Uingereza, unakuta kuta za kanisa zimepanda kimo cha ghorofa tatu, matao yaliyochongoka bado yamejipanga, na juu ni mawingu tu. Wengi hudhani paa lilioza. La, liliezuliwa makusudi, na kilichowindwa ni risasi: ile metali nzito, si ya bunduki.

Wamonaki 12 wa shirika la kitawa la Citeaux walitoka Clairvaux, Ufaransa, wakaanzisha abasia hii, yaani makao ya wamonaki, mwaka 1132. Kanisa likaezekwa kwa mabamba ya risasi juu ya kenchi za mbao. Mfalme Henry VIII wa Uingereza alipoifunga mwaka 1538, majengo yalimwendea Thomas Manners, lodi wa Rutland, ila risasi na kengele mfalme alijibakizia.

Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za Selsiasi, kwa hiyo moto wa kuni unatosha, na kuni zilikuwa palepale: mbao za kanisa lenyewe. Ilimiminwa ikawa mikuo (vipande vizito vya metali) ya takriban nusu tani mmoja, kisha ikapigwa mhuri wa mfalme. Mikuo minne haikuwahi kubebwa, kwani ukuta wa magharibi uliiporomokea. Ilifukuliwa miaka ya 1920, na risasi yake ikaenda kukarabati dirisha la Five Sisters, ambalo vioo vyake hushikwa kwa risasi, katika kanisa kuu la York. Karibu miaka 400 chini ya kifusi, na bado ilifaa kazi!

Paa likishaondoka, ukuta huanza kufa kutokea juu. Ukuta wa namna hii ni ngozi mbili za mawe ya kuchonga, katikati kumejazwa kokoto na chokaa. Mvua huingia kileleni na kulowesha ule ujazo. Baridi ikigandisha maji, barafu hutanuka kwa asilimia 9 hivi na kuyasukuma mawe nje. Mizizi humalizia.

Upande wa madhabahu, uliojengwa upya karne ya 13 na kuegemezwa kwa mihimili ya matao kutoka nje, ndio uliostahimili. (Usipotezwe na dira: upande huo unaelekea kusini badala ya mashariki kama ilivyo desturi ya makanisa, kwa sababu bonde ni jembamba na lina mteremko.) Sehemu ya waumini, ya karne ya 12, imebaki vitako vya nguzo. Serikali iliyachukua magofu mwaka 1917, na wahandisi wake wakapitisha mihimili ya zege ndani ya kuta, mahali macho ya mgeni hayafiki.