Warsha ya Utunzi si Karakana ya Kunyooshea Nota

Kila mara chuo kikuu kinapotangaza mihadhara ya utafiti wa muziki pamoja na warsha ya utunzi, walimu wa kwaya kutoka Urambo, Nzega na Sikonge hunifuata hapa Tabora mjini wakiwa na bahasha ya nota na ombi lile lile: "Mwalimu, tusahihishie, tutazipitia Jumapili." Nimelisikia mno, na leo nalijibu kwa maandishi, pamoja na dhana nyingine potofu kuhusu mihadhara na warsha hizi.

Dhana kwamba warsha ni mahali pa kusahihishiwa nota ndiyo inayonichosha kuliko zote. Kalamu nyekundu huona makosa ya karatasi, ilhali wimbo huharibikia kinywani mwa mwimbaji. Chukua neno "tunakuomba". Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yaani "o". Mtunzi akiliweka pigo zito kwenye "ku", kisha akaivuta "mba" kwa mapigo manne, sauti zote nne zitapatana na ukurasa utakuwa safi, lakini waumini watasikia neno lililoteguka. Kwa Kinyamwezi, na kwa Kiha cha jirani zetu wa Kigoma, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa hizo ni lugha za toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, na anayepachika beti za Kinyamwezi juu ya tuni iliyotungiwa Kijerumani anaweza kuyapindua maneno bila kujua. Dawa yake ni wimbo kuimbwa mbele ya wenye lugha, wenye lugha waseme walichosikia, na mtunzi mwenyewe arudi kwenye penseli yake. Hiyo ndiyo warsha, na ndiyo sababu mhadhara kuhusu toni na melodia unapaswa kuitangulia. Anayeukwepa mhadhara na kuja mchana na bahasha amekuja nusu.

Wengine husisitiza nifute kila mahali ambapo sauti mbili zinatembea sambamba kwa umbali wa nota tano (kama do na so), eti kanuni za hamonia zimekataza. Zimekataza kwa mtindo fulani wa Ulaya. Wagogo huimba kwa umbali wa nne na wa tano sambamba, na sijui ni nani angethubutu kwenda Dodoma kuwasahihisha. Niambie kwanza unaandika kwa mtindo gani, ndipo tuzungumzie kosa.

Kwamba asiyesoma nota za mistari mitano hana nafasi chuoni, hilo halinipotezei muda. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliandika nyimbo zake kwa solfa (do, re, mi), na tuni aliyoitunga mwaka 1897 ndiyo tunayoiimbia "Mungu ibariki Afrika" hadi leo.

Kwamba utafiti ni kazi ya makabati isiyomhusu mtunzi, nako si kweli: Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria, alibeba fonografu, mashine ya kurekodi sauti kwenye silinda za nta, vijijini Hungaria na Romania, na yaliyomo katika silinda zile yakaingia katika utunzi wake. Kwabena Nketia wa Ghana alikuwa mtafiti na mtunzi kwa pamoja.

Hofu ya kwamba watafiti huja kutuibia ngoma siidharau. Mtafiti Hugh Tracey alirekodi muziki Tanganyika mwaka 1950, na maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954 iko Afrika Kusini, mbali sana na wajukuu wa walioimba. Lakini kujifungia ndani hakusaidii kitu. Kabla ya kuimba, ulizeni nakala itabaki kwa nani hapa kijijini, na kama jina la mwimbaji litaandikwa. Mtafiti asiye na jibu mpeni maji ya kunywa na mwache aende zake.

Wanaokuja safari hii waache kinanda nyumbani, kwa sababu kinanda huficha makosa ya maneno. Walete waimbaji wanne, nakala za kuwatosha, na wimbo ambao bado haujaisha.